Kuutafutia Mgono Moshi

Niliondoka Nambambo kwa sababu mjomba wangu alimjengea bibi jiko jipya. Ni jiko zuri, sina ubishi: sakafu ya vigae, mtungi wa gesi, dirisha la kioo. Tatizo lake ni moja, halina moshi. Na juu ya mafiga ya jiko la zamani, lile la miti na udongo lililokuwa libomolewe wiki hiyo, ulining'inia mgono wa mwisho uliofumwa na kaka yake bibi, marehemu babu Ismaili.

Kwa asiyeujua, mgono ni mtego wa samaki. Hufumwa kwa fito za mianzi, una umbo la chupa kubwa, na mdomoni fito zake zimeelekea ndani, kwa hiyo kambale akishaingia hatoki. Babu Ismaili alitega migono katika Mto Mbwemkuru mpaka miguu ilipomkatalia. Huu mmoja ulitunzwa na moshi. Ulikuwa mweusi, unang'aa kama umepakwa rangi, na wadudu wanaotoboa mianzi hawakuwahi kuugusa. Katika jiko la gesi wangeula mpaka ubaki unga.

Bibi akakumbuka kwamba msimu uliopita wa korosho mzee mmoja wa Ruangwa alipita kijijini akiomba zana za zamani za uvuvi, aziweke kwenye makumbusho yake. Siku hiyo alimnyima. Sasa akaniita.

"Mke mwenzangu," alisema, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake, "nenda nao. Kaangalie anavitunzaje vitu vya watu. Pakifaa, uache. Pasipofaa, rudi nao."

"Na nikikosea?"

"Utakosea vipi? Si umekaa chuo miaka yote hiyo unasomea kubisha?"

Nilisomea sosholojia, lakini sikumsahihisha.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijawa kali, bodaboda alisimama mlangoni akauangalia mzigo wangu kwa mashaka.

"Sista, hilo nini? Spika?"

"Mtego wa samaki."

"Huku kwetu? Basi ukamate na mvua kabisa." Alicheka peke yake mpaka Nachingwea mjini, nami nyuma nimeukumbatia mgono, masizi yakihamia kwenye gauni langu.

Nachingwea nilipanda gari la Ruangwa. Konda alitaka mgono uende juu, pamoja na magunia. Nikakataa. Akasema basi nilipie siti ya pili. Nikamuuliza kama mgono umeomba kukaa. Mama mmoja jirani yangu, aliyekuwa anakwenda kuuza ufuta, akatuamulia: "Mpakate mwanao, mwaya, twende." Nikaupakata. Njia nzima mashamba yalikuwa na matita ya ufuta yaliyosimamishwa yakauke, na mikorosho ikitupa vivuli hadi kando ya barabara. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kumbana mwenzake kwa maswali.

Ruangwa tulifika kabla ya adhuhuri. Nyumba niliielekezwa na kila niliyemuuliza. Ukutani kulikuwa na maandishi makubwa ya buluu: MAKUMBUSHO YA BAHARI NA UVUVI. Mwenyewe, Mzee Hashimu, alitoka akiwa amevaa kofia ya kiua na kanzu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu baharini."

"Samahani, mzee. Bahari iko Lindi."

"Na humu ndani," alijibu, wala hakukasirika.

Bahari yake ilikuwa ndani ya chupa, kwenye rafu ya kwanza. Wanafunzi wanaokuja, alisema, wengi hawajawahi kuiona, kwa hiyo huwaonjesha kwa kijiko. Nikamuuliza nani amethibitisha kwamba hayo si maji ya bomba na chumvi ya mezani.

"Mke wangu huuliza hivyohivyo," alisema. "Onja, kisha ubishe."

Nilionja. Yalikuwa na chumvi. Hiyo haikuthibitisha kitu, nikamwambia, naye akafurahi kupata mgeni asiyesinzia.

Ujanani Mzee Hashimu alikuwa akileta samaki wakavu kutoka Lindi kwa baiskeli. Baiskeli yenyewe ilining'inia ukutani, na chini yake nanga, kasia na nyavu zenye maboya ya mbao. "Watu wa huku wanadhani samaki wanatoka sokoni," alisema. "Mimi nataka wajue kuna watu walilowa, na wengine walikanyaga pedali." Nilianza kumpenda, jambo la hatari kwa mtu aliyetumwa kukagua.

Kisha akanipeleka chumba cha zana za mtoni. Kulikuwa na migono miwili na matenga ya kubebea samaki, vyote vya rangi ya majani makavu, visafi kama vimetoka dukani.

"Vililetwa na masizi, vinatia aibu," alisema kwa fahari. "Nimevisugua mwenyewe, kimoja kimoja, kwa sabuni na brashi. Na huo wako nitausugua leo leo."

Nikaushika mgono wa babu kwa nguvu zaidi. Chini ya kila mtego kulikuwa na kichuguu kidogo cha unga wa njano.

"Mzee, huu unga ni nini?"

"Vumbi. Barabara si hiyo hapo?"

Sikubishana. Nilimwomba ufagio. Tukafagia chumba, tukafunga dirisha, tukafunga na mlango, kisha nikamwambia tukale, tukirudi tuone kama barabara inajua kupita ukutani.

Tulikula kwenye jiko la uani, kwa mkewe, Mama Zuhura: ugali wa muhogo na samaki mkavu kwenye mchuzi wa nazi. Moshi ulitutoa machozi sote.

Tuliporudi, chumba kizima kilikuwa safi isipokuwa chini ya migono na matenga, ambapo unga mpya ulikuwa umeshaanza kudondoka. Mzee Hashimu aliinama, akaushika mgono mmoja ukingoni. Fito ikavunjika kama biskuti. Aliviokota vipande, akavipanga kiganjani kama anayetaka kuviunga tena.

"Watu waliniamini," alisema hatimaye. "Nimewaharibia kwa sabuni."

Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. "Mbona tenga langu zima?"

Lilikuwa juu ya mafiga yake, jeusi, limejaa vitunguu. Mumewe alilitaka kwa ajili ya makumbusho, yeye akamnyima.

"Kwa hiyo ulijua habari za moshi?" nilimuuliza.

"Nijue wapi? Nilikuwa na vitunguu tu."

Mzee alicheka kwanza, kisha sote. Mchana ule tulihamisha zana zote za mianzi jikoni na kuzipanga darini juu ya moto. Mgono mmoja ulikuwa umekwisha. Vingine tulivikung'uta, tukaviachia moshi. Mama Zuhura alitoa sharti: wageni watakaoingia kutazama wakute kazi, wamenye muhogo. Mzee akachukua rangi ya buluu, akaandika ukutani: UVUVI WA MTONI, PITA JIKONI.

Mgono wa babu niliufunga mwenyewe kwa kamba, katikati, palipo na moshi mzito. Ila nilikuwa bado na wasiwasi.

"Mzee, nitajuaje hutausugua nikiondoka?"

Akaingia ndani, akarudi na brashi. "Mpelekee bibi yako."

Jioni nilikuwa Nambambo. Bibi hakuuliza habari za safari. Aliitazama mikono yangu mitupu, uso ukamshuka kidogo.

"Umeuacha."

"Nimeuacha. Pana moshi, bibi, na mama mwenye jiko anapika kila siku."

"Hayo ni maneno."

Aliuvuta mtandio wangu, akaunusa upande huu, akaunusa na upande wa pili, macho ameyafumba. Nilitambua hapo kwamba kubisha sikukusomea chuoni, nilikurithi.

"Muhogo," alisema. "Na samaki. Na kuni kavu. Haya, panafaa."

Nilimpa brashi nikamweleza ilikotoka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu lijengwe akaingia katika jiko jipya kwa hiari yake.

"Lete maji, mke mwenzangu," aliita kutoka ndani. "Hivi vigae vya mjomba wako havina masizi, lakini vumbi vinalo."