Kiti cha Mama Kwenye Gari la Shemeji

Mama yangu alirudi kijijini kwake Zombo kutoka hospitali ya Kilosa kwa pikipiki, bandeji jichoni, huku gari la michezo la mkwewe likiwa limeegeshwa uani kwa Mama. Nikikumbuka, bado nakasirika.

Asubuhi tulitoka Morogoro mimi na Hamisi, mume wa dada yangu, tumpeleke Mama akapasuliwe jicho. Hamisi alijitolea gari lake la michezo: dogo, jepesi, viti viwili, linasukumwa na tairi za nyuma. Mimi ningeshuka Zombo, Mama akae kiti changu.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, matuta yalitutambaza kama malori. Tulipotoka, basi la abiria likatupita mlimani.

"Umeona aibu hii?" Hamisi akasema. "Naing'oa injini, nafunga kubwa."

Mikumi mjini, muuza mahindi alilizunguka gari. "Bosi, mbona limechuchumaa? Linachimba dawa kichakani?"

Wenzake wakacheka. Hamisi aliongelea injini mpaka lami ilipotuishia.

Kuelekea Zombo palikuwa tope. Alikanyaga mafuta, mkia ukaruka kushoto, nusura tuingie mtaroni.

"Nguvu uliyonayo imekushinda, shemeji. Nyingine ya nini?"

"Wewe magari huyajui."

Zombo, Mama alikuwa ameshavaa kanga mpya. Hamisi alisimama mbali, macho chini. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Mama akachungulia garini, akarudi nyuma. Kwetu mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, na viti vile vilikuwa vimebanana. Njia nzima tulibishania injini; hilo hakuna aliyeliwaza.

"Nipe ufunguo, nitaendesha mimi," nikamwambia Hamisi.

"Hili halizoeleki siku moja. Utalipindua."

"Muache na gari lake," Mama akasema. "Niitieni pikipiki."

Tukapanda mishikaki mpaka Kilosa: dereva, Mama katikati, mimi nyuma nimemshikilia. Baada ya upasuaji muuguzi alituagiza jicho lisipate vumbi. Kurudi, jua lilikuwa limekausha barabara, na lori lilitutangulia njia nzima likitimua vumbi, nami nimemfunika Mama uso kwa kanga.

Jioni tukirudi Morogoro, Hamisi alinieleza jinsi injini kubwa itakavyolipita basi lile. Gari lililomshinda kwenye tope, lisiloweza kumbeba mkwe wake, nguvu ya ziada lingeifanyia nini?

Injini ameshaifunga. Jicho la pili la Mama linasubiri kupasuliwa, na usafiri bado hatujapata.