Bangili Iliyomsoma Bi Pasi

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Pasi. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alinyoosha mashuka zamu ya mchana, kwa kuwa usiku alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara: mama yake. Akili ya bibi yule ilikuwa imechakaa. Mchana alisinzia kitini. Giza likiingia anavaa viatu na kutafuta mlango, arudi kwa wazazi waliokwisha kuoza kaburini. Bi Pasi alikesha akimbembeleza.

Uongozi ukaleta bangili. Zilipima joto la ngozi, mapigo ya moyo na usingizi, ili ijulikane saa iliyomo ndani ya kila mwili, wa mchana afanye mchana, wa usiku usiku.

"Nipe yako niivae mimi, shoga," alisema Mama Pacha, mwenzake wa mezani. "Mimi nikigusa mto nimekufa. Utasomeka wa mchana kama kuku."

"Uvae mbili kama bibi harusi?"

Wakacheka. Bi Pasi akakataa. Tangu utoto alikuwa mtu wa alfajiri. Ya nini kuusemea mwili wake uongo?

Siku ya majibu, msimamizi, kijana mwenye adabu, alimwonyesha mstari wake: usiku uko macho, siku za mapumziko umelala hadi adhuhuri.

"Mama, wewe ni mtu wa usiku. Tumekutesa miaka yote bila kujua."

"Mwanangu, huo si mwili wangu. Huyo ni mama yangu, usiku halali."

Kijana akainamisha macho. "Kila mtu hapa ana mgonjwa nyumbani. Nikikuacha wewe mchana, nimtoe nani?"

Bi Pasi akampigia simu kaka yake, amchukue mama usiku. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi: kaka alisema nyumba yake ni ndogo.

Jioni ya zamu ya kwanza ya usiku, jua halijazama, alimlisha mama, akaficha visu, akatoka na kutia kufuli kwa nje. Hajapiga hatua, mlango ukagongwa kutokea ndani.

"Hodi!" mama aliita, kwa sauti ya mgeni mstaarabu. "Hodi wenyewe! Mmelala?"

Bi Pasi akasimama, ufunguo mkononi. Akiitika tu, hataweza kuondoka.

"Hodi jamani!"

Akavua viatu, akavibana kwapani, akaenda zake pekupeku asisikike.