Zuhura ya Bi Verla

Tulipolipita ghala la ngano, Sajini Pruitt alikuwa ameshaamua Bi Verla Unruh aliona nini.

"Nyota ya Zuhura," alisema, akikata kona kuingia barabara ya vumbi. "Kansas nzima inaona Zuhura."

"Hujamuuliza bado."

"Nitamuuliza. Nasikia ana pai."

Ilikuwa 1966. Jeshi la anga lilituma watu kama yeye kokote raia walikoona taa angani, nami, mgeni katika nchi ile, nilidandia gari lake nijionee kazi hiyo inavyofanywa.

Bi Verla alikuwa mjane, dereva wa basi la shule. Jumapili jioni, akitoka kanisani, aliona taa nyekundu zikielea kimya juu ya malisho yake. Akampigia sherifu. Kosa lake ni hilo: kule waya mmoja wa simu huhudumia nyumba zote za barabara, na kila mtu husikiliza ya mwenzake. Kulipokucha wakawa wanamuuliza kama hao wageni wa angani walikuja kuposa. Virgil Tharp, dobi wa mji na mwenyekiti wa kamati ya shule, yeye hakucheka. Alisema jeshi liamue. Asiyeweza kutambua nyota hafai kubeba watoto, arudishe funguo za basi.

Kazi Sajini aliijua, lazima nimpe haki yake. Hatukumaliza hata kuuzunguka uzio kabla hajanasua kwenye seng'enge mfuko wa nailoni ulioungua, ule ambao dobi hufunikia suti, pamoja na vijiti vilivyogandiwa na nta ya mishumaa ya keki.

"Unawasha mishumaa chini, mfuko unajaa hewa moto, unapaa," alisema. "Mtu amekufanyia mzaha, mama. Macho yako mazima."

"Mji huu una dobi mmoja," alisema Bi Verla. Akamkatia kipande kikubwa cha pai ya tufaha.

Sajini akampigia kapteni wake kutoka jikoni pale, akamweleza habari ya mfuko. Sauti ya kapteni ilisikika hadi mezani.

"Mzaha una mwenyewe, Pruitt. Mwenyewe ana jina, na jina linaleta waandishi wa habari. Nyota haina wakili. Andika Zuhura."

"Mama huyu atanyang'anywa kazi, bwana."

"Andika Zuhura."

"Ndiyo, bwana."

Kapteni akakata. Lakini waya haukunyamaza. Mle ndani ya simu, kwenye nyumba ya mtu aliyekuwa akisikiliza, ndege wa mbao wa saa ya ukutani alianza kulia, ku-ku, ku-ku. Bi Verla akamnyang'anya Sajini simu.

"Virgil! Saa hiyo tuliichagua pamoja, mimi na marehemu mkeo. Na wewe jirani Opal, nasikia unavyokoroma ukiwa macho. Wote mmesikia, ni mfuko wa dobi. Haya, hata mmoja aseme!"

Simu zikaanza kuwekwa chini, nyumba baada ya nyumba, taratibu, kama watu wanaotoka msibani. Alibaki Virgil.

"Jeshi limesema Zuhura, dada Verla. Funguo nizipate jioni."

Sajini alikuwa amerudi kwenye sahani yake. Nimeishi kwenye nchi ambako askari huvunja mlango. Huyu alipangusa viatu kabla ya kuingia, na matokeo yakawa yaleyale.

"Pai nzuri sana, Bi Verla," alisema, bila kuinua macho.

"Iliyobaki mpelekee kapteni wako. Mwambie imeokwa na Zuhura."

Akavaa koti, akatungua funguo kwenye msumari.

"Unazipeleka sasa hivi?" nilimuuliza.

"Watoto wanatoka shule. Atawachukua nani, kapteni?"

Sajini alifungua jiko, akautumbukiza ule mfuko motoni. Jikoni kukajaa harufu ya nailoni. Nikaenda dirishani kutafuta hewa. Basi la manjano lilikuwa likitoka uani, taa zake zote zikiwaka, mchana kweupe, kana kwamba anauonyesha mji mzima taa ni nini.