Chupa ya Mama kwenye Friji ya Duka

Sijawahi kuwa mwepesi wa kumwamini mtu, na Takaba, mji wa nyikani kule kaskazini, haikunibadilisha. Nilikuwa mwalimu kutoka kusini, na mama yangu, mgonjwa wa kisukari, alikuwa amekuja kuishi nami. Insulini yake ilitaka ubaridi, na friji ya karibu ilikuwa moja tu, ya mafuta ya taa, kwa mwenye duka jirani yetu. Kila asubuhi nilipita kuchukua chupa, nikamdunga mama, kisha nikairudisha.

Halafu mama akaanza kunywa maji yasiyomtosha, mchana kutwa ni msalani na mtungini. Akakonda. Nikaiinua chupa kwenye mwanga nikaona vichembe vyeupe vimeshika ndani, na hata nilipoiviringisha viganjani havikuondoka. Basi nikajua. Yule bwana na tasbihi yake alikuwa anauza dawa ya mama yangu na kutujazia uchafu! Mbona kila nikifika chupa iko tayari mkononi mwake? Mbona hataki nifungue friji mwenyewe?

Siku moja nikamvamia mapema, kabla hajafungua duka. Nikamkuta kibarazani, chupa ameibana kwapani.

"Unaifanya nini dawa ya mama yangu?" Nilipiga kelele mpaka waliotoka msikitini wakasimama.

"Wallahi, mwalimu, mimi nayeyusha. Mama yako ni mgeni yetu. Dawa yake naweka juu, ndani ya barafu kabisa. Nyama yangu nimetoa."

Nikaipeleka chupa zahanati. Mganga aliitazama mara moja akaitupa. Insulini ikishaganda imeharibika, alisema, hata ikiyeyuka haifai tena. Iwe baridi, lakini isiguse barafu. Akanipa chupa mpya, akaniagiza niiweke nyumbani kivulini, katika chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji. Friji ya watu nilikuwa nimeachana nayo.

Jioni ile mwenye duka akaja kuomba radhi, na sufuria ya barafu mkononi. Barafu tena! Nilimtazama nikashindwa kujua kama ni mjinga au ananichezea. Nikaipokea sufuria, nikaimwaga yote mchangani mbele yake.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, midomo imemkauka hadi kupasuka.

"Ungeniachia hata kipande kimoja, mwanangu," alisema, "ninyonye."