Nyambizi Iliyomzamisha Babu

Mama alinituma. Tangu utotoni mwake Mombasa aliambiwa kwamba baba yake, mchochea makaa melini, aliitoroka familia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akaoa Bombay. Sasa Okello, dereva Mganda ninayefahamiana naye hapa Doha, alikuwa amenieleza kuwa baba wa bosi wake, mzee wa Kijerumani, anakusanya habari za nyambizi alimofia baba yake mwenyewe, na meli ya babu imo katika habari hizo.

Ijumaa asubuhi nilitoka Muaither, ninakoishi upande wa Al Rayyan, nikafuata ramani aliyonitumia Okello mpaka mtaa wa Najma, katikati ya Doha. Mabasi mawili, jua la kuchoma utosi. Nikabisha. Akafungua Mnepali, amejifunga taulo.

Nikampigia Okello. "Aa, pole ssebo, bwana wangu! Nimekutumia ninapolala mimi. Mzee yuko Al Rayyan."

Al Rayyan! Nilikotoka!

Saa nane mchana ndipo nilipofika. Mzee alinikaribisha vizuri, kisha akaanza kunieleza nyambizi. Injini. Betri. Joto la ndani, mabaharia wakilala kwa zamu kitanda kimoja. Saa nzima! Nikamkatiza: "Mzee wangu, babu yangu je?"

Akafungua jalada. Nyambizi iliipiga meli ya babu kaskazini mwa Shelisheli, alfajiri. Maofisa Wazungu waliokufa waliandikwa majina matatu matatu, na miji yao. Chini kabisa: "Salim, Mombasa, makaa." Basi. Hata jina la baba yake hawakumwandikia. Nilipiga picha ukurasa ule, nikaaga kwa ufupi, nikaondoka nimenuna.

Jioni, ndani ya basi la kurudi, nikampigia Mama, nikamsomea.

"Kumbe hakututoroka," akasema, sauti ikimkatika. Kisha: "Na nyambizi yenyewe?"

"Wiki chache baadaye ilipigwa mabomu na ndege. Hakupona mtu. Yule mzee alikuwa hajazaliwa bado."

"Kwa hiyo naye baba yake hamjui, wala kaburi la kuzuru hana?"

"Hana, Mama."

"Ulimpa pole?"

Siku nzima nilikuwa nimehesabu kero zangu tu, na yule mzee alikuwa amenisubiri tangu asubuhi na chai mezani.

"Mwanangu, nakuuliza."

Nikabonyeza kengele, nikashuka, nikavuka barabara kusubiri basi la kurudi kwake.