Kasa Aliyebaki Jiweni

Ndani ya makumbusho haya ya ugenini nimesimama mbele ya sanamu ya marumaru, iliyochongwa Italia karne nyingi zilizopita, kisha ikaachwa nusu. Mtu yule ametokeza bega na goti, kwengine kote bado ni jiwe. Alama za tindo ziko wazi, na kuziona tu kumenirudishia harufu ya vumbi la timbo letu la mawe kule Msambweni.

Baba alikuwa akichonga mawe ya kujengea. Jioni alinichongea kasa kwenye jiwe lililomeguka pembe. Kikatoka kichwa, likatoka pezi moja, kisha kazi ikasimama.

"Baba, atamalizika lini?"

"Kesho, mwanangu, inshallah."

Na kila kesho ilikuja na wateja wake.

Siku moja nilirudi kutoka chuoni kusoma Kurani nikamkuta mwashi anamalizia ukuta wa jiko letu. Alipungukiwa na jiwe, na Baba alimpa lile langu. Kasa alikuwa ameshajengwa ukutani, saruji imemjaa usoni. Niliupiga ukuta kwa ngumi.

"Usilie," Baba akasema. "Nitakuchongea mwengine."

Nikamwambia simtaki mwengine. Nilitaka yule amalizike.