Chupa Niliyoifunua Mbele ya Wafugaji

Wasomaji wapenzi, nakiri kosa ambalo hadi leo linanishtua. Nilitumwa kijiji kimoja karibu na Ijara, mwezi mmoja tu baada ya kuhitimu masomo ya afya ya umma. Mbu wa huko wamekuwa sugu kwa dawa ya kupuliza, nami niliwaomba wafugaji ruhusa ya kutia bwawani bakteria wanaoua mbu wangali majini, bila kudhuru watu wala ng'ombe. Wakanitaka nithibitishe kwanza.

Nikachota maji ya bwawa kwa chupa mbele yao, nikachagua kwa makusudi vidudu vya mbu vikubwa kabisa, vile vilivyojikunja. Nikatia bakteria, nikafunika kwa kitambaa. "Kesho vyote vitakuwa vimekufa," nikaapa.

Asubuhi, kijiji kizima kikitazama, niliufunua mdomo wa chupa kwa mbwembwe. Mbu wakaruka nje wazimawazima. Mmoja alitua kwenye paji la uso la chifu.



"Wallahi, daktari, umewanenepesha!" mzee mmoja akapaza sauti.

Bibi Halima, mfugaji wa ngamia, akaniuliza kwa upole, "Dawa yako huingiaje mwilini?"

"Wanaila, Ayeeyo," nikamjibu, nikimwita bibi kwa Kisomali. "Ikifika tumboni, inawaua."

"Wale uliowachagua, waliojikunja, hawali kitu. Wanangoja mbawa tu. Hukufundishwa?"

Nilifundishwa, tena nililijibu swali hilohilo kwenye mtihani.

Chifu akajipangusa uso. "Bwawa haliguswi," akatangaza, "mpaka Halima amalize kumsomesha daktari."